Maji ya Saa Sita Mchana

Magesa tulimzika Jumanne, na Ijumaa ya wiki hiyohiyo nikampeleka mjukuu wangu zahanati hapa Kitaji, Musoma, kwa sababu ya tumbo. Nesi, binti mwenye kucha ndefu na kicheko cha karibu, akampa mtoto kikopo akakojoe. Mtoto aliporudi, nesi akadondosha tone la mkojo kwenye kijipande cheupe chenye urefu wa kidole, akaendelea kumsimulia mwenzake habari za harusi ya Jumamosi. Hawajafika hata kwenye keki, mstari mwekundu ukajitokeza. "Ana kichocho, bibi," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya mvua. Hakukuwa na sindano, hakukuwa na kuchomwa kidole wala kilio. Mimi nikabaki kwenye benchi nimeshindwa kuinuka. Binti akadhani presha imepanda, akaniletea maji ya kunywa. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba nilikuwa namlilia mtu tuliyemzika juzi, mtu ambaye angekishika kile kijipande kwa ncha za vidole, akakiinua juani, akatutolea hotuba ya nusu saa kabla ya kuturuhusu twende nyumbani?

Magesa alikuwa fundi wa maabara, na majivuno aliyokuwa nayo yangetosha kijiji kizima. Nilifanya kazi chini yake mwaka mmoja tu, katika zahanati iliyokuwa juu kidogo ya kivuko cha Kisorya, na mwaka huo mmoja ndio ulionifanya niwe nilivyo. Ukoo wangu nauacha kwa siku nyingine. Inatosha mjue kwamba naitwa Wakuru, nimezaliwa Butiama, kwenye mawe na baridi ya asubuhi, na kwamba nilipofika Kisorya nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni sikuwa nimewahi kupara samaki. Ilikuwa ile miaka ambayo duka la kijiji lilifunguliwa kila asubuhi ili watu wahakikishe kwamba bado halina kitu. Sabuni ilikuwa hadithi. Tulifua kwa majani ya mpapai, na Magesa, ambaye hakukubali kushindwa na serikali wala na umaskini, alizifua suruali zake kwa majani hayohayo kisha akazinyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka mkunjo ukaweza kukata mkate, kama mkate ungekuwepo. Watu wote walimwita daktari. Hakuwasahihisha hata mara moja.

Kazi yetu ilikuwa kupima kichocho na minyoo kwa watoto wa shule. Watoto walileta choo chao asubuhi kwa chochote walichopata: jani la mgomba, kipande cha kibuyu, na wenye bahati boksi la kiberiti, maana hata boksi tupu la kiberiti lilikuwa mali. Tulikuwa na hadubini moja isiyotumia umeme, yenye kioo chini cha kukamatia jua, kwa hiyo siku ya mawingu tulifunga kazi kama wakulima wa mvua. Nakumbuka yai la kwanza la kichocho nililoliona. Magesa alinisogeza kwa kiwiko, akasema, "Tazama, halafu ukae kimya." Lilikuwa la rangi ya asali, limetulia katikati ya takataka, na ubavuni lilikuwa na mwiba mmoja uliochongoka vizuri sana. Nilijua ni adui. Lakini nilichohisi, na leo nasema bila aibu, ni kile ninachokihisi kanisani wimbo unapopanda. Kitu kidogo hivyo, kimetengenezwa kwa uangalifu hivyo, na hakuna aliyekiomba.

Nilipanga kwa Masatu, mvuvi, na mkewe Nyabwire. Chumba changu kilikuwa kile cha nyavu. Nililala chini ya harufu yake, na baada ya mwezi mmoja sikuisikia tena. Kuta za ndani zilikuwa fupi, hazikufika kwenye bati, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa na chumba kimoja cha maneno. Tulikula ugali wa muhogo na mtama, mweusi na mzito, kwa furu, visamaki vya ziwani vyenye miba mingi, waliokaushwa juani, na siku nyingine kwa sangara, samaki ambaye wakati huo alikuwa bado mgeni ziwani. Mama yake Masatu, Bibi Nyanjura, aliyekaa nyumba ya pili katika ua uleule, alimla sangara kwa mashaka, akisema samaki mwenye mafuta kiasi kile lazima anaficha jambo. Siku niliyofika aliniangalia nikihangaika na miba ya furu, akacheka hadi akajishika kiuno. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema, "lakini huyu wa milimani naona sisi ndio tutamponya, atakufa kwa mwiba." Nilimpenda palepale, na nilimwogopa palepale.

Nyabwire na Masatu walikuwa na mtoto mmoja, Vero, ambaye alikuwa hajafika umri wa kwenda shule. Alikuwa na macho makubwa na tabia ya kumtazama mtu bila kupepesa. Tumbo lake lilikuwa limejaa na kukaza, miguu imekonda, na mara kwa mara choo chake kilikuja na damu. Wenzake walipokimbizana uani yeye alikaa ukingoni mwa kivuli akiwahukumu. Kabla yake kulikuwa na kaka, Bwire, aliyevimba vilevile, akapelekwa hospitali, akatolewa damu kwa sindano, akafariki njiani kurudi nyumbani. Hakuna ajuaye hadi leo kilichomuua Bwire, na mimi sitajifanya ninajua. Ila Nyabwire alikuwa amekwisha kuamua. Kwake yeye ilikuwa ni ile sindano. "Dada Wakuru," aliniambia tukichambua dagaa, "choo chukua, mkojo chukua, hata mate ukitaka. Damu ya mwanangu usiniombe."

Jioni moja nilisikia maneno yakivuka ukuta. Bibi Nyanjura alikuwa amekuja kuzungumza na mwanawe, na Nyabwire alikuwa jikoni, mbali kidogo. Walichanganya Kijita na Kiswahili, na Kijita nilikuwa nakisikia kwa kukisia, lakini jambo lenyewe lilisemwa kwa Kiswahili, nadhani ili liwe zito.

"Kuzaa anazaa, simnyimi hilo," Bibi alisema. "Shida ni mkono wake. Kila anayemlea anavimba. Pantoni ikipata dizeli, Vero avuke Ukerewe kwa yule mganga mzee, akachanjwe tumbo. Na mama yake arudi kwao apumzike. Mtoto akipona, tutaona."

Masatu akashusha sauti. "Na asipopona, mama?"

"Basi angalau atakuwa hakufia mikononi mwa yule."

Masatu hakujibu, na kwa watu wale mwana asiyembishia mama yake amekubali. Nikabaki nimelala nikitazama nyavu. Kivuko kilikuwa kimesimama kwa kukosa mafuta, na watu wa pande zote mbili walikuwa wanakilaani. Nadhani mimi peke yangu nilianza kuomba dizeli isije. Niliona vizuri kabisa kitakachotokea: mtoto yule mdogo akatwe kwa wembe tumbo ambalo tayari linauma, na mama yake apande njia ya kwao Majita na kitenge chake kimoja, akiwa amepoteza wa pili bila hata kuruhusiwa kumuuguza.

Nilimwambia Magesa. Alikuwa amekwisha kupima choo cha Vero zaidi ya mara moja, slaidi baada ya slaidi, na hakuona kitu. Na hata kabla ya kupima alikuwa na jibu lake. "Kichocho ni ugonjwa wa wanaoogelea," aliniambia, akifuta lensi kwa ncha ya shati. "Wavulana, wavuvi, wanawake wa kufua. Mtoto wa umri ule hana kichocho, hata ziwa halijui." Na hilo lilikuwa kweli, Nyabwire mwenyewe alijivunia. Vero hakuwahi kukanyaga ziwa. Wenzake walitambaa kwenye matope ya ufukweni kama bata, lakini wake alilindwa. Chuoni nilifundishwa hivyohivyo, daktari wa Musoma aliamini hivyohivyo, na vidonge vipya vya kichocho, vichache kama dhahabu, vilikuwa kule Musoma kwa ajili ya wanafunzi waliothibitika tu.

Siku moja shule ilifungwa mapema, tukakosa watoto wa kupima, nikarudi nyumbani saa sita mchana, saa ambayo sikuwahi kuwepo. Nikamkuta Nyabwire anapanda kutoka ziwani na ndoo kichwani. Alimimina maji kwenye karai uani, akamvua Vero nguo, akamkalisha humo. Nilisimama nikatazama, maana ilikuwa ni jambo zuri la kutazama. Alimshika shingo kwa mkono mmoja, kwa mwingine akawa anamwagia maji tumboni polepole, akimwimbia, na Vero, jaji yule asiyecheka, alikuwa anacheka. Niliuliza kwa nini anamwogesha saa ya jua kali hivyo.

"Maji ya asubuhi yanauma," Nyabwire akasema. "Saa sita maji ya pale kwenye matete yanakuwaga ya moto yenyewe, hata kuni hutafuti. Mama mkwe ndiye alinifundishaga. Mtoto mdogo anaogeshwa maji ya saa sita, mapya, siku hiyohiyo. Yaliyolala ndani hayafai, yanamletea mtoto uzito."

Kuni zilikuwa mbali na mafuta ya taa hayakuwepo, kwa hiyo jua lilikuwa jiko la maskini, na kila mama mwenye bidii pale Kisorya alilitumia. Mimi niliyekulia kwenye maji ya baridi nilitumbukiza mkono wangu hadi kwenye kiwiko kwa raha tu. Ulikuwa uvuguvugu wa kubembeleza. Nikauacha humo muda mrefu, nikicheza na vidole vya Vero. Baada ya muda ngozi ikaanza kuniwasha, vipele vidogo vikajitokeza, na Nyabwire akanicheka, akasema ziwa halinijui bado, litanizoea.

Nilikuwa ninauona muwasho uleule kila wiki kwenye miguu ya wanafunzi. Nikasimama pale uani na mkono wangu umelowa, nikawaza mambo ambayo nilikuwa nimeyajua tangu chuoni lakini nilikuwa sijawahi kuyakutanisha: kwamba konokono wanakaa kwenye matete, kwamba wadudu wa kichocho wanatoka kwenye konokono jua linapokuwa kali, na kwamba wanaingia mwilini kupitia ngozi. Hakuna aliyesema lazima mtu aende ziwani. Ziwa lilikuwa linaletwa uani, kwenye karai, kila siku, katika saa yake mbaya kuliko zote, na aliyelileta alikuwa mama mwangalifu kupita wote. Niliogopa, lakini juu ya woga kulikuwa na kitu kingine, mshangao mkubwa uliokaribia heshima, kwamba mnyoo asiye na macho wala akili alikuwa amepata njia ya kumfikia mtoto kupitia upendo wenyewe.

Nilimwonyesha Magesa mkono, nikamweleza. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Mwishowe akasema, "Mdudu hajui karai wala ziwa. Anajua maji." Kisha, kwa kuwa hakuweza kukaa mnyenyekevu muda mrefu, akaniambia kwamba siku zote alikuwa anashuku. Slaidi zake zilichukua choo kidogo mno, akasema. Mtoto mdogo huenda ana mayai machache, yanatupita. Kulikuwa na njia nyingine, ya zamani, aliyowahi kuiona mara moja tu akiwa mwanafunzi. Badala ya sisi kuyatafuta mayai, unayaangua, na waliomo wanakuja wenyewe kujionyesha. Hakuwa na uhakika kama ataiweza. Hilo la kukosa uhakika alilisema kwa sauti ndogo sana.

Tulihitaji chupa yenye shingo ndefu, tukaipata kanisani, iliyokuwa ya divai. Tulihitaji chumvi, ambayo dukani haikuwepo, na Nyabwire akatuletea ya kwake ya mwisho, imefungwa kwenye pindo la khanga. Tulihitaji kitambaa cheusi, na kijiji kizima aliyekuwa na kaniki ni Bibi Nyanjura. Akatupatia, akitaka kujua inaenda kufunika maiti gani. Asubuhi Nyabwire akaleta choo cha Vero kwenye jani la mgomba. Magesa akakikoroga kwenye maji ya chumvi, akaacha kitulie, akamwaga maji ya juu, akaweka mengine, tena na tena mpaka yakawa safi. Alikuwa anaonja ile chumvi kabla hajaitumia. "Iwe ya machozi," akaniambia. "Kwenye maji ya chumvi hii yai linadhani bado liko tumboni, linatulia. Ukilitia kwenye maji matamu linajua limefika nje." Nusu ya yale mashapo akayahifadhi kwenye maji yake ya chumvi. Nusu nyingine akaitia kwenye chupa, akajaza maji ya mvua tuliyokinga kwenye bati la zahanati hadi shingoni, akaifunika chupa yote kwa kaniki, akaacha shingo peke yake juani.

Tukakaa barazani. Nyabwire alikuwa amempakata Vero, na Magesa hakuhutubia. Jua lilipanda. Mara Magesa akainama na kioo cha kukuzia, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akanipa kioo. Mwanzoni niliona maji tu. Halafu nikaona kitu cheupe, kidogo kama punje ya unga, kinapita. Hakikuelea kama vumbi. Kilikuwa kinakwenda, kwa mstari ulionyooka, haraka, kama mtu aliyetumwa. Nyuma yake kikaja kingine. Kisha wakawa wengi, wanapanda kutoka kwenye giza la ile kaniki kuelekea kwenye mwanga, wanafika juu, wanageuka, wanakata maji tena. Magesa alikuwa amenieleza kwamba hawana mdomo wa kula, kwamba wana siku moja tu ya kuishi, na ndani ya siku hiyo lazima wampate konokono au wafe. Nimeona mengi tangu wakati ule. Nimeona watoto wakizaliwa na nimeona mto Mara ukifurika. Sijawahi kusimama mbele ya kitu kilichonifanya nijione mdogo na wakati huohuo nishukuru kuwepo, kama ile shingo ya chupa ya divai.

Nyabwire akachukua kioo. Alimfuata mmoja kwa jicho mpaka akafika juu. "Hawa walikuwa ndani ya mwanangu?"

"Mayai yao yalikuwa ndani," Magesa akasema. "Na wazazi wao bado wamo."

"Na hamkumchoma."

"Hatukumchoma."

Akaanza kulia, kilio cha chini kisicho na kelele, na Vero akamfuta machozi kwa kiganja bila kubadilisha uso. Wakati huo Masatu akaja kutoka ufukweni na mama yake nyuma. Dizeli ilikuwa imefika. Pantoni ilikuwa inavuka mchana ule, na walikuwa wamekuja kumchukua mtoto. Bibi Nyanjura aliiona kaniki yake imefungwa kwenye chupa, akataka kujua tunafanya uchawi gani. Magesa akampisha kwenye kigoda, akampa kioo kwa mikono miwili, kama anavyostahili mkubwa.

Bibi alitazama kwa jicho moja, akabadilisha jicho. Akatazama tena. Watu waliopita na mizigo kuelekea kivukoni walitusalimia na hakuna aliyeitikia.

"Nani amewatuma hawa?" akauliza.

"Hakuna aliyewatuma, mama," Magesa akajibu. "Wametoka ziwani."

"Mtoto haendi ziwani."

"Maji ya karai, mama. Ya saa sita."

Bibi Nyanjura alirudisha jicho kwenye kioo, akakaa hivyo mpaka Masatu akakosa subira, akamwambia pantoni itawaacha. Ndipo akainua kichwa. "Iende," akasema. "Hawa si wa mtu. Mganga wa watu atawafanyaje?"

Tuliondoka kesho yake kwenda Musoma kufuata vidonge, kwa lori la pamba, mimi, Nyabwire na Vero, tukiwa tumelala juu ya marobota. Wale wa kwenye chupa walikuwa wamekwisha kufa wote, lakini Magesa alinikabidhi chupa, kaniki na ile nusu iliyotulia kwenye maji ya chumvi, na kuniambia niizuie isimwagike kama ninavyouzuia ulimi wangu, jambo ambalo halikunitia moyo. Lori lilipita Bunda, likaacha njia kuu kwenda kupakia Butiama, na huko likaharibika, tukalala kwetu. Asubuhi nilishuka Mwitongo, upande mmoja wa kijiji chetu, na Nyabwire kuteka maji kisimani, maji safi ya kuangulia. Aliyaonja, akashika shavu. "Haya yanang'oa meno. Kwenu mtoto anaogeshwaje?"

"Kwa kulia," nikamwambia, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka kwa sauti.

Daktari wa Musoma alikuwa mtu mpole aliyechoka. Alituambia alichojua kila mtu, kwamba mtoto wa umri ule hana kichocho, na vidonge ni vya waliothibitika. Nikaomba dirisha lenye jua. Nikafanya kama Magesa, kwa maji ya kisima cha kwetu, na Nyabwire akaifunika chupa kwa kaniki ya mama mkwe wake. Kwa muda hapakutokea kitu. Niliwaza kwamba safari imeyaua, kwamba chumvi ilizidi, kwamba nimembeba mtoto wa watu hadi mjini kwa ajili ya maji matupu. Daktari aliondoka, akarudi. Aliporudi walikuwa wanapanda. Akatazama, akatoka nje ya chumba bila kuniambia lolote, nikadhani amekasirika. Kumbe alikwenda kuwaita wenzake wote. Walipokezana kile kioo wakiwa wamesimama foleni, watu wazima na makoti yao meupe, na hakuna aliyezungumza kwa sauti. Dawa tulipewa mchana ule. Vidonge vilikuwa vichungu vibaya mno. Nesi alivisaga, akavificha kwenye ndizi mbivu, na Vero alikula huku akimtazama kwa lile jicho lake la kuhukumu mtu.

Tuliporudi Kisorya, Magesa alieleza kwamba wale wa kwenye maji wakikosa ngozi ya kuingia hawamalizi siku mbili. Kwa hiyo maji yatekwe, yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko, yalale humo mpaka yasiwe na kitu, ndipo mtoto aoge. Nilidhani Bibi Nyanjura atakataa, kwa kuwa maji yaliyolala ndiyo aliyoyachukia maisha yake yote. Hakukataa wala hakukubali. Siku iliyofuata alimwamuru Masatu aviringishe pipa hadi mahali penye jua, ili maji yakimaliza kulala yapate moto. Akina mama wa jirani walikuja kulitazama lile pipa, wakacheka, wakarudi kwao, na baada ya muda niliona mapipa mengine yametoka nje. Vero alianza kukimbia. Alikuwa mkimbiaji mbaya, hana mazoezi, na alianguka kila mara, na Nyabwire alikuwa anasimama mlangoni akimtazama akianguka kama anayetazama sherehe.

Miezi ikapita, mvua za vuli zikaja na kwenda, na kabla sijahamishwa Magesa akataka kumpima Vero tena. Tukaiosha ileile chupa, tukatia chumvi, tukatia maji ya mvua, tukafunga kaniki. Safari hii Bibi Nyanjura alikuja mapema, akakalia kigoda, akashika kioo yeye mwenyewe na hakumpa mtu. Asubuhi ikaisha. Magesa alisema kama wangekuwepo wangekuwa wametokea, akaingia ndani kupumzika. Nyabwire hakuondoka. Walikaa pale wawili, mtu na mkamwana wake, wakitazama maji ambayo hayakuwa na kitu, meupe hadi shingoni, na mimi nilikaa nyuma yao nikiwatazama, kwa sababu sikuwahi kujua kwamba maji matupu yanaweza kutazamwa hivyo. Uani Vero alikuwa anagombana na kuku.

Bibi Nyanjura akashusha kioo, akakiweka mapajani. Hakumgeukia mkwewe. Alizungumza akiwa bado anaitazama chupa.

"Bwire nilikuwaga namwogesha mimi," akasema. "Wewe ulikuwa shambani. Kila saa sita, nilikuwaga namwogesha mimi."

Nyabwire akasogea kwenye mkeka mpaka bega lake likagusa goti la yule mama, jambo ambalo mkamwana wa kule hafanyi.

"Tulimwogesha wote, mama," akasema.